UZI: "Ni meno ya utoto tu, yatang'oka" – kauli inayowaumiza watoto wetu hapa Lamu

Muuguzi wa Amu

Assalaam aleikum ndugu zangu, na salamu njema kwa kila anayesoma.

Nafanya kazi katika kliniki ya watoto, na kauli ninayoisikia kuliko zote kutoka kwa wazazi wanaoleta watoto wenye mashavu yaliyovimba ni hiyo niliyoiandika hapo juu. Mtoto huwa hajalala usiku kucha, hali wala hanywi, na ukimwuliza mama jino lilianza kutoboka lini, anakujibu kwamba tundu walikuwa wakiliona tangu Mfungo Sita, ila hakuna aliyeona haja ya kuhangaika na jino ambalo litaondoka lenyewe. Ni kweli kwamba meno hayo hung'oka. Lililo muhimu ni kujua yanang'oka lini, na yanafanya kazi gani kabla ya hapo.

Mtoto huota jino la kwanza akiwa na miezi 6 hivi, kwa kawaida yale mawili ya mbele chini, na akifika miaka 2 na nusu au 3 huwa ametimiza meno yote 20. Ya mbele huanza kung'oka akiwa na miaka 6 au 7, na hayo ndiyo tunayoyakumbuka kwa sababu mtoto mwenyewe hutuonyesha pengo lake kwa furaha. Magego ya utoto ni habari nyingine. Hayo yana mifereji inayoshika chakula, kwa hiyo ni mepesi kuoza, na hukaa kinywani hadi mtoto afikishe miaka 10, 11, hata 12. Gego lililotoboka mtoto akiwa na miaka 4 bado linahitajika kutafuna kwa miaka 6 au zaidi, na hakuna mzazi anayetaka mwanawe aumwe muda wote huo.

Kila jino la utoto pia humshikia nafasi mwenziwe wa ukubwani. Likiondolewa mapema, majirani zake hulalia upande wa pengo, na jino la kudumu linapokuja hukuta njia imefungwa, likaota upande au likabaki ndani. Na usaha uliokaa kwenye mzizi wa jino bovu huweza kuliharibu jino changa linalojengeka chini yake. Zaidi ya hayo, kuna gego moja linalowapita wazazi wengi bila kutambuliwa: akiwa na miaka 6 hivi, mtoto huota magego ya kudumu nyuma kabisa ya yale ya utoto, wala hakuna jino linalong'oka kuyapisha. Mama huyaona akadhani ni ya utoto, akayaacha yaoze, kumbe hayo hayana mbadala.

Sasa tuje kwenye chanzo. Kinywani mwa kila mtu mna bakteria wanaokula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha gamba gumu la nje la jino. Mate hufanya kazi ya kuisafisha na kulirudishia jino madini yake, lakini kazi hiyo huhitaji muda. Ndiyo maana idadi ya mara ambazo mtoto anatia kitu kitamu kinywani ina uzito zaidi kuliko kiasi anachokula kwa mara moja. Mtoto aliyekula kipande cha halua baada ya chakula cha mchana akanywa maji, amelipatia jino lake nafasi ya kupona. Mtoto anayetafuna mabuyu kuanzia anapotoka chuoni (madrasa) alasiri hadi adhana ya magharibi hajalipatia nafasi hata kidogo.

Mabuyu nayataja makusudi, kwa sababu yanapendwa mno hapa kwetu na hatari yake haionekani. Mtazameni mtoto anavyoyala: anatia mbegu mbili tatu shavuni, anazigeuzageuza kwa ulimi mpaka rangi nyekundu imwishe, kisha anazitema na kutia nyingine, na sukari iliyochemshwa inabaki imenata kwenye mifereji ya magego. Nyama ya ubuyu yenyewe ni chachu, kwa hiyo hapo jino linapigwa na asidi ya tunda na asidi ya bakteria kwa pamoja. Sisemi tuwanyime watoto mabuyu, kashata wala kaimati, kwa kuwa hicho ni chakula chetu na ni furaha yao. Nasema viliwe kwa wakati mmoja, baada ya chakula, visiwe vya kushinda navyo kutwa.

Usiku ndio mbaya zaidi. Mtu anapolala mate hupungua sana, na sukari iliyobaki kinywani hukaa hadi alfajiri. Chupa ya chai ya maziwa yenye sukari, uji mtamu au juisi ya maembe anayopewa mtoto ili apate usingizi huyaogesha meno ya mbele ya juu saa nane mfululizo, na hayo ndiyo meno tunayoyaona yamebaki visiki vyeusi kwa watoto wa miaka 2 na 3.

Ombi langu kwa kila mzazi anayesoma uzi huu ni moja: mtazame mwanao leo. Keti mahali penye mwanga wa kutosha, kibarazani au dirishani, mlaze kichwa chake mapajani pako akikutazama, kisha uinue mdomo wa juu kwa kidole mpaka ufizi uonekane wote. Tazama pale jino linapokutana na ufizi. Ukiona mstari mweupe usiong'aa, mweupe kama chokaa, hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya kuoza, na ni hatua ambayo bado inaweza kurudi nyuma kwa dawa ya meno yenye floraidi, madini yanayoimarisha jino, na kwa kupunguza sukari. Mstari huo ukishageuka kuwa wa manjano au hudhurungi na pakawa na shimo, mswaki peke yake hautoshi tena. Fanya hivyo mara moja kila mwezi. Mtoto hahisi maumivu yoyote katika hatua ya kwanza, kwa hiyo anayengoja mtoto alie amekwisha kuchelewa.

Mama wa Langoni

Waaleikum salaam dada. Nimemtazama binti yangu wa mwaka mmoja na nusu baada ya kusoma, na nadhani nimeuona huo mstari mweupe katika meno mawili ya juu. Yeye halali bila chupa, na nikimnyima nyumba nzima hukesha. Pia mama mkwe ananiambia nisimtie dawa ya meno kwa sababu ataimeza na ni sumu. Hivi sasa namfuta kwa kitambaa tu. Nifanye nini?

Muuguzi wa Amu

Dada yangu, umeona mapema, na hilo ni jambo la kushukuru. Chupa usiikate kwa usiku mmoja, maana mtoto atateseka nawe utakata tamaa. Anza kwa kuondoa sukari kabisa, kisha kila baada ya siku kadhaa punguza maziwa na uongeze maji, mpaka chupa ya kulalia iwe maji matupu. Maziwa apewe kwa kikombe kabla ya kupigwa mswaki, na baada ya mswaki kisiingie kinywani kitu kingine isipokuwa maji. Ikiwa bado ananyonya, endelea kumnyonyesha hadi atimize miaka 2 kama dini ilivyotufunza na kama wataalamu wa afya wanavyoshauri. Maziwa ya mama si adui wa meno, ila na yeye asafishwe kabla ya kulala kama watoto wengine.

Kuhusu dawa ya meno, mama mkwe ana haki ya kuwa na tahadhari, kwa sababu mtoto akila bomba zima ataumwa tumbo, na floraidi ikizidi kwa miaka huacha madoa kwenye meno ya kudumu. Tahadhari hiyo tuiweke kwenye kipimo, si kwenye kuiacha dawa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, paka kiasi cha punje moja ya mchele, mara mbili kwa siku. Kuanzia miaka 3 hadi 6, kiasi cha punje ya njegere. Kiasi hicho hata akikimeza hakimdhuru, lakini mwambie ateme na asisukutue kwa maji mengi, ili floraidi ibaki ikifanya kazi. Bomba likae mahali pa juu asipopafikia. Unaponunua, soma kisanduku: tafuta tarakimu kati ya 1000 na 1500 karibu na herufi ppm. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliiingiza dawa ya meno yenye floraidi katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa hiyo mwambie mama mkwe kwa adabu kwamba hii ni dawa kweli, yenye kipimo chake.

Kitambaa kinafaa kabla jino halijaota. Likishatokeza la kwanza, mswaki mdogo laini uanze, na kila mtoto awe na wake. Na ushike wewe mwenyewe. Mkono wa mtoto hauwezi kusafisha magego vizuri mpaka afikishe miaka 7 au 8, kwa hiyo mwache acheze nao kwanza, kisha umalizie.

Baba wa Kizingitini

Nashukuru kwa elimu hii, ila wenzetu mlio mjini Amu mnasahau hali ya visiwani. Mimi ni mvuvi. Kumpeleka mtoto kwa daktari wa meno ni safari ya mashua, nauli ya watu wawili na siku nzima bila kwenda baharini, na wakati mwingine maji yakiwa yamekupwa huondoki mpaka yajae. Ndiyo maana tunangoja. Tukifika, jino hung'olewa tu. Je, si bora liondolewe mara moja kuliko kurudi mara tatu kuzibwa? Na akiumwa usiku, tunampa dawa gani ya dukani?

Muuguzi wa Amu

Kaka, maneno yako ni ya haki, na mtu asikulaumu kwa bahari usiyoipanga wewe. Umbali huo ndio unaonifanya nisisitize kinga na kuona mapema. Mtoto wako anapelekwa zahanati ya karibu kwa chanjo ya surua akiwa na miezi 9 na tena miezi 18. Siku hizo, kabla hujaondoka, mwombe muuguzi amwinue mtoto mdomo na kumtazama meno. Haihitaji chombo chochote, na haikugharimu safari ya pili.

Kuhusu kuziba, mambo si kama zamani. Iko njia ya kuondoa sehemu iliyooza kwa vyombo vya mkono, bila mashine ya kuchonga na mara nyingi bila sindano ya ganzi, kisha tundu linazibwa kwa saruji maalumu inayoshikana na jino na kutoa floraidi. Njia hiyo ilianzia hapa hapa jirani, Tanzania, katikati ya miaka ya 1980, kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, na sasa inatumika duniani kote. Pia ipo dawa ya maji ya fedha na floraidi ambayo hupakwa juu ya tundu kwa muda mfupi na kusimamisha uozo. Huliacha jino jeusi moja kwa moja, na wazazi wengine hawaupendi weusi huo, lakini kwa gego la nyuma la mtoto wa miaka 4 mimi ningeuchagua weusi kuliko maumivu. Kabla ya kupanda mashua, tafuta mtu aulize hospitali ni siku gani daktari wa meno au afisa wa afya ya kinywa yupo, na kama wana vifaa hivyo, ili nauli yako isipotee. Kung'oa kuna wakati wake, hasa pale jino limeshafika usaha. Pasipo na usaha, kuhifadhi ni bora.

Akiumwa usiku, mpe parasetamoli ya watoto kwa kipimo cha uzito wake kilichoandikwa, msafishe chakula kilichokwama tunduni kwa mswaki laini na maji ya uvuguvugu yenye chumvi kidogo. Usimpe aspirini, wala usiiweke kwenye ufizi, kwa sababu huunguza nyama, na kwa watoto inaweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Mafuta ya karafuu tunayoyatumia watu wazima yasitumiwe kwa mtoto mdogo. Kapsuli za tetrasaiklini, dawa ya kuua bakteria, usimnunulie hata kama duka linaziuza, maana kwa mtoto aliye chini ya miaka 8 hubadilisha rangi ya meno ya kudumu yanayojengeka ndani, na rangi hiyo haitoki.

Lakini ukiona uvimbe umepanda kuelekea jichoni au umeshuka chini ya taya, homa kali, mtoto hawezi kufungua kinywa, kumeza au kupumua vizuri, hapo hakuna kungoja kesho. Tafuta boti yoyote inayoweza kuondoka, maana uvimbe wa namna hiyo huua.

Mwalimu wa Chuo, Malindi

Mimi nasomesha watoto wadogo madrasa huku Malindi. Tumewazoesha kutumia mswaki wa mti kwa kuwa ni sunna, na wazazi wengine wanasema unatosha kabisa. Je, ni sahihi kwa watoto? Na katika mwezi wa Ramadhani, ambapo hata wasiofunga hukesha wakila vitamu, unatushauri nini?

Muuguzi wa Amu

Mwalimu, Mungu akulipe kwa kulibeba jambo hili. Mswaki wa mti ukitafunwa vizuri, ukakatwa ncha mara kwa mara na ukapitishwa kila jino, husafisha kweli, na kwa mtu mzima aliyeuzoea ni kitu chema. Tatizo kwa mtoto ni mambo mawili: hana ustadi wa kuyafikia magego ya nyuma na upande wa ndani, na kijiti hicho hakina floraidi ya kutosha kulilinda jino. Kwa hiyo usiwakataze, uendelee nao kama sunna mchana, na brashi yenye dawa itumike asubuhi na kabla ya kulala.

Ramadhani, baada ya futari watoto huzunguka na visheti, tende na vinywaji vitamu mpaka usiku wa manane, kisha hulala walivyo. Wanaoamka kula daku wapigwe mswaki baada ya daku, kabla ya kunuia. Wasioamka wapigwe mswaki wanapokwenda kulala, hata kama ni saa sita. Na ikiwa unaweza kuzungumza na muuzaji aliye nje ya lango la chuo chako auze pia karanga, matango au muhogo wa kuchemsha, hilo litawafaa watoto kuliko maneno yangu yote hapa.

Bibi wa Mkomani

Mwanangu, sisi tulijua tangu zamani mtoto akiota meno huharisha na kuwaka homa, tukamwacha mpaka yatoke. Sasa kuna jirani yetu, mgeni hapa mjini, ana kitoto cha miezi 5 chenye homa na kuharisha, naye ameambiwa na jamaa zake kwamba kina meno ya plastiki ndani ya ufizi na lazima yachimbwe. Anataka kumpeleka kwa mtu kesho kutwa.

Muuguzi wa Amu

Shikamoo Bibi. Tafadhali nenda kwake leo, umzuie kwa namna yoyote unayoweza.

Hakuna meno ya plastiki. Ukipapasa ufizi wa mtoto wa umri huo unakuta vivimbe vyeupe kidogo mahali pa chonge, na hivyo ni vichipukizi vya meno yake halisi, ambavyo kila mtoto anavyo. Katika sehemu mbalimbali za Afrika Mashariki watu huvichimba kwa kisu, wembe au spoki ya baiskeli, wakiamini vinaleta homa. Mtoto mchanga hana damu ya kupoteza, na chombo hicho huweza kumwingizia pepopunda, virusi vya UKIMWI au uchafu unaosambaa katika damu. Anayepona hubaki bila chonge za utoto, na mara nyingi zile za ukubwani zinazojengeka chini yake hutoka zimepinda au hazitoki kabisa. Halafu ugonjwa wenyewe uliomleta haujatibiwa, na huo ndio unaoweza kumwua.

Kuota meno humfanya mtoto kutoa mate mengi, kutafunatafuna vitu, kulialia, na pengine joto lake kupanda kidogo sana. Homa ya nyuzi 38 au zaidi na kuharisha si kazi ya meno. Mambo mawili hukutana tu, kwa sababu katika umri huo huo mtoto anaanza kutia kila kitu kinywani, na kinga aliyopewa na mama yake tumboni inapungua. Hapa pwani homa ya mtoto ipimwe malaria siku ile ile. Anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari ya pakiti pamoja na zinki, aendelee kunyonya, na apelekwe kituo cha afya. Mwambie jirani nitampokea mimi mwenyewe akija kliniki, bila kulaumiwa na mtu. Ufizi ukimwasha mtoto, unatosha kusuguliwa kwa kidole safi au kitambaa kilicholoweshwa maji baridi. Asali asipakwe, maana kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja inaweza kubeba vijidudu vinavyolegeza misuli mpaka ashindwe kupumua.

Mama wa Langoni

Dada, swali la haraka: kuna watoto wawili wamehamia mtaani kwetu kutoka pande za Nakuru, meno yao ya kudumu yana madoa ya hudhurungi. Je, ni kuoza, na huambukiza?

Muuguzi wa Amu

Hapana, na wala wasitengwe. Maji ya baadhi ya visima vya Bonde la Ufa yana floraidi iliyozidi mno kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachokubaliwa, na madoa hayo huingia jino likiwa bado linajengeka ndani ya ufizi. Wazazi wao wasiyasugue kwa mkaa wala mchanga, maana doa halitoki na gamba la jino linakwanguka.

Baba wa Kizingitini

Nimeandika yote kwenye karatasi na mke wangu ameibandika jikoni. La mwisho kwangu: vijana wetu wanaruka kutoka gatini maji yakiwa machache, na mwaka huu mmoja wa miaka 9 alijigonga, jino zima la mbele likatoka na mzizi wake. Tulilitupa. Kulikuwa na la kufanya?

Muuguzi wa Amu

Pole kwa huyo kijana. Likiwa jino la utoto, lisirudishwe, kwa kuwa utaliumiza lililo chini yake. Mpeleke tu akatazamwe. Kwa miaka 9, jino la mbele huwa la kudumu, na hilo huweza kupona. Lishike upande wa kutafunia, usiuguse mzizi. Likiwa na mchanga, lisuuze kwa sekunde chache kwa maziwa au maji safi ya baridi, usilisugue. Kama kijana ametulia, lirudishe kwenye tundu lake likitazama mbele kama lilivyokuwa, aume kitambaa safi, na muondoke. Kama haiwezekani, litie katika kikombe cha maziwa baridi, au ateme mate yake kikombeni litiwe humo. Lisifungwe kwenye karatasi kavu, maana likikauka linakufa. Daktari anapaswa kumpata ndani ya saa moja kadiri inavyowezekana, na nyinyi wa Kizingitini najua saa moja ni ngumu, kwa hiyo kulirudisha pale pale gatini ndiyo njia yenu bora. Mfunze na nahodha wa mashua ya watoto wa shule.